Kinga Ipungue Ikovelo

Daktari Subilaga Mwaipaja alikuwa na tabia ya kuchora. Ukimwuliza swali, anapekua meza kutafuta kipande cha karatasi, ingawa ukuta mzima nyuma yake ulikuwa kioo kinachoweza kukuonyesha utumbo wako ukijinyonganyonga mbele ya macho yako. Tulizo Chaula alimpenda kwa hilo. Kioo kilimtisha, na mchoro mbaya haujawahi kumtisha mtu.

"Haya, mama Luiza, tazama. Huu ni utumbo."

"Huo ni mnyoo, daktari."

"Ni utumbo, na uheshimu kazi ya mikono ya watu. Nyie Wakinga msichoweza kukiuza hamkioni uzuri wake." Daktari alikuwa Mnyakyusa, na huko milimani Makete alijua asipowatania hawatamwamini. Akaongeza mnyama mwenye miguu mitano pembeni mwa mnyoo. "Na huyu ni mbwa. Kila mwili una mbwa wake. Akija mgeni mbaya, mbwa anabweka, anauma, mgeni anakimbia. Hiyo ndiyo kinga ya mwili. Sasa mbwa wa Luiza ni hodari kupita kiasi. Hana mwizi wa kumuuma, basi anawauma wenye nyumba."

Luiza alikuwa ameketi kitandani, miguu ikining'inia. Alikuwa na miaka tisa na mwili wa mtoto wa sita. Asubuhi ile alikuwa amemeza kijicho, kidude cha ukubwa wa punje ya hindi kinachotembea tumboni kikipiga picha. Jina hilo kilipewa na wananchi wenyewe, kwa kuwa kinachungulia yasiyokihusu. Kijicho kilikuwa kimekuta vidonda kule utumbo mwembamba unakoishia, vyekundu na virefu, vingi kuliko vya mwaka jana.

"Vidonge vya mashavu vimeshindwa?" Tulizo aliuliza. Ndivyo walivyoviita nyumbani, maana vilimvimbisha mtoto uso ukawa kama andazi huku mikono ikibaki vijiti.

"Vinazima moto kwa muda, kisha vinaharibu mifupa. Hatuwezi kuendelea navyo. Nataka kumpandia mbegu." Daktari akachora nukta ndani ya mkono. "Inakaa chini ya ngozi, inaonja damu. Mbwa akianza kuwa mkali, mbegu inatoa dawa ya kumtuliza. Kwa maneno ya vitabuni, inapunguza kinga. Watoto wengi wakipandiwa, vidonda hupona, hula, hurefuka. Sitakuahidi kwamba na Luiza itakuwa hivyo, ila moyo wangu umetulia kwa hili."

"Na nikikataa?"

"Kidonda kitakuwa kovu, kovu litabana njia, na hapo itabidi tukate. Na ukishaanza kukata utumbo wa mtoto, mara nyingi unakata tena."

Tulizo alimtazama binti yake, na binti yake akatazama dirishani, kwa adabu ile ya watoto waliozoea kuzungumzwa mbele yao.

"Mbona basi unaichelewesha, daktari? Ipande."

Daktari Subilaga akaiweka kalamu chini. Ndipo Tulizo alipojua kuna jambo, kwa sababu mwanamke yule hakuwa mtu wa kuiweka kalamu chini.

"Umande," alisema.

Hapakuwa na haja ya kueleza, Tulizo alielewa papo hapo. Kila msimu wa mvua unapoanza, nyuki wa serikali, vile vyombo vidogo vya mabawa, huruka alfajiri juu ya Ikovelo na kumwaga ukungu mwembamba wenye chanjo hai. Watu wanauvuta wakiwa wamelala, wakikamua ng'ombe, wakigombana. Ndani yake mna vijidudu vya homa ya mianzi vilivyodhoofishwa, vinavyomfundisha mbwa wa kila mwili sura ya adui. Kabla ya umande, homa ile iliyotoka kwa popo wa kwenye mianzi ilifuta vijiji vizima ukanda huu. Tulizo mwenyewe hakuwahi kumwona babu yake. Baada ya umande, hakuna aliyekufa. Lakini kijidudu kilichodhoofishwa bado kina uhai. Kwa mtu ambaye mbwa wake amelazwa usingizi, mwalimu yule anageuka kuwa mwizi kamili.

"Kwa hiyo ana njia mbili," daktari alisema. "Ahamie bondeni, Usangu, kwenye joto, ambako homa haifiki na umande haumwagwi. Au umande usimamishwe Ikovelo, na kila mtu, nasema kila mtu, achomwe sindano ya chanjo iliyokufa. Sindano tatu kwa msimu. Zinakinga sawasawa na umande, mradi zisirukwe. Nyumba kumi zikizembea, homa inaingia. Kwa hiyo sheria inataka kijiji kikubali chenyewe, bila kulazimishwa. Na ombi lazima litoke kwa familia."

"Tutahamia Usangu," Tulizo alisema bila kupumua.

"Bado hujaniuliza mimi," Luiza alisema kutoka kitandani.

Ni kweli, na sheria ilikuwa upande wake: mtoto aliyetimiza miaka saba hapandiwi mbegu mpaka aseme ndiyo kwa kinywa chake. Daktari akamgeukia kwa heshima, akamwuliza.

"Bado," alisema Luiza. "Nataka kwanza nijue watu watapata shida gani kwa ajili yangu."

*

Tulizo alikuwa mwanamke wa viazi. Alikuwa na mashamba matatu mteremkoni na ulimi wa kuuza mvua kwa watu waliolowa. Alijua kupunguza bei, kupandisha bei, kukopesha na kumtazama mdaiwa mpaka alipe. Jambo moja hakulijua, nalo ni kuomba. Mama yake hakuomba, bibi yake hakuomba, na katika ukoo wao ilisemwa kwamba Mkinga akikosa chumvi anakula viazi bila chumvi na kukusifia ladha yake.

Mumewe alikuwa Kariakoo, kama Mkinga yeyote anayejiheshimu. Tulizo alikuwa ameongea naye kwa simu. "Wewe ndiye uliyeshika beseni miaka yote hii," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito. "Ukisema Usangu, nitauza duka nije Usangu. Ukisema lingine, nitakuja kwa hilo lingine."

Alikuwa mume mwema, na wema wake haukumsaidia Tulizo kitu, maana ulimrudishia uamuzi mikononi.

"Siwezi, mama," alimwambia mama mkwe wake, Bibi Elestina, aliyekuwa akimenya viazi jikoni. "Nimwambie nani achomwe mara tatu kila msimu kwa ajili ya tumbo la mwanangu? Nimwambie Anitha, mwenye kichanga? Yule baba yake alikufa na homa. Shamba lake ningeweza kuliomba. Huu ni mwili wake."

"Umemwuliza?"

"Sihitaji kumwuliza."

"Hm," alisema Bibi Elestina, akaendelea kumenya.

Bibi alimpenda mkwewe kuliko alivyowahi kumwonyesha, na alimwona mjinga vilevile. Aliona anachotaka kufanya: kumng'oa mtoto mgonjwa kutoka kwenye baridi alimozaliwa, shule yake na rafiki zake, ampeleke kwenye mbu na joto, yote kwa kukwepa sentensi moja ya aibu. Tulizo alipotoka kwenda kufunga magunia, bibi akapangusa mikono, akainua uso kuelekea kisanduku kilichotundikwa juu ya kabati.

Kila jiko la Ikovelo lilikuwa na Mbiu. Ndiyo iliyotangaza bei za viazi, misiba, mikutano na mbuzi waliopotea. Ilikuwa na akili yake, na ilifundishwa jambo moja tangu mwanzo: kufupisha, kwa kuwa watu wa pale hawakuwa na muda wa kusikiliza maneno marefu.

"Mbiu," bibi alisema. "Itisha mkutano wa kijiji. Waambie mjukuu wangu Luiza anaumwa tumbo lisilopona, na daktari ana dawa, lakini ili itumike inabidi kinga yake ipungue, na sisi wa Ikovelo tuache umande, tuchomwe sindano. Waambie daktari atakuja kueleza. Waambie ni ombi."

"Nimeelewa, bibi," ilisema Mbiu kwa furaha, ikaenda kufupisha.

Katika majiko yote ya Ikovelo sauti ile ile ikasema: "Mkutano wa dharura kesho mchana, ghala la viazi. Inabidi Kinga ipungue Ikovelo. Daktari ataeleza."

Kwingineko nchini wangesikia habari za afya, wakaendelea kula. Lakini huku ni Ukinga. Watu hawa ni Wakinga, walezi wao ni Wakinga, na hata ng'ombe wao, ukiwauliza, ni wa Kikinga. Mzee Kyando, mwenye kiwanda cha mbao na sauti ya kuangusha misonobari, alitema chai.

"Tupunguzwe?" alimwambia mkewe. "Tupunguzwe twende wapi?"

*

Mikutano ya Ikovelo kwa kawaida ilihudhuriwa na mwenyekiti, katibu wake na mbwa wa katibu. Siku ile ghala lilijaa mpaka watu wakapanda juu ya magunia. Walikuja na majembe. Walikuja wakwe waliohamia wilaya ya pili. Wafanyabiashara wa Kariakoo walijitokeza kwenye kioo kikubwa cha ukutani, wamepangana safu kwa safu, maduka yakiwa yamefungwa nyuma yao, jambo ambalo halijatokea hata siku ya msiba.

Tulizo hakuwa amesikia tangazo, maana lilipotolewa alikuwa akifunga magunia, na siku ile alikuwa mashambani. Aliitwa na Luiza aliyekuja mbio, ameshika tumbo, akisema watu wote wako ghalani na wamekasirika. Alipofika mlangoni akamwona daktari mbele, karatasi mkononi, hajapewa nafasi ya kufungua mdomo, na akamsikia Mzee Kyando.

"Babu zetu wamezikwa hapa! Mababu wa hao babu wamezikwa hapa! Atakayetaka tupungue aanze na mimi!"

"Aanze na wewe!" watu wakaitikia.

Tulizo aliyasikia maneno hayo kwa masikio ya mama mwenye mtoto mgonjwa. Kwake maana ilikuwa moja tu: wamejua, na wamekataa. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Alijipenyeza katikati ya watu, akamshika Luiza mkono, akasimama mbele yao wote.

"Basi, wazee wangu. Inatosha," alisema. "Msichoke bure. Nitamchukua mwanangu nihame. Sikuwaomba, na sitawaomba."

Mzee Kyando akashusha jembe.

"Uhame kwa nini, mama Luiza? Mtoto amefanya nini?"

"Si mmekataa kupunguza kinga?"

"Ndiyo tumekataa! Wewe umekubali? Unataka Wakinga tupungue?"

"Wakinga? Nani amesema Wakinga?"

"Mbiu imesema!"

Daktari Subilaga ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliketi juu ya gunia, akafunika uso kwa karatasi yake, mabega yakamtikisika. "Kinga!" alisema alipopata pumzi. "Kinga ya mwili, jamani! Kinga ya mtoto! Nyie watu, mngekuwa Wanyakyusa tungekuwa tumemaliza na kwenda kula ndizi!"

Kicheko kilianzia kwenye magunia ya mbele, kikasambaa mpaka Kariakoo. Mkewe Mzee Kyando alicheka mpaka akajishika mbavu. Mzee mwenyewe alitazama jembe lake kama mtu anayejiuliza nani amelileta. Luiza alicheka pia, na kwa kucheka tumbo likamchoma, akajikunja, na wote waliokuwa karibu wakaona.

Kicheko kikapungua chenyewe.

Ndipo daktari akaeleza. Alichora mbwa wake ukutani kwa makaa ya jiko, akaeleza mbegu, umande, sindano tatu, na hatari ya kuziruka. Hakuficha kitu. Alipomaliza akasema, "Ombi si langu. Sheria inataka litoke kwa familia," akakaa.

Watu wakamtazama Tulizo. Bibi Elestina, kutoka kwenye kona alimojificha kwa sababu nzuri kabisa, alimtazama pia. Tulizo alitafuta ulimi wake wa sokoni, ule unaojua kuzunguka, na haukuwepo. Alibaki na ule mwingine ambao hakuwahi kuutumia.

"Naomba," alisema. Akatulia, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa zito na alitaka kulimaliza. "Naomba mnisaidie. Nataka mwanangu apone na nataka apone nyumbani. Sina cha kuwapa kinacholingana na hiki. Naomba tu."

Kisha Anitha Mahenge akasimama, kichanga kikiwa mgongoni.

"Mimi nitasema, mama Luiza, na usinichukie. Umande unamfikia mtoto wangu akiwa usingizini. Hakuna anayeweza kuusahau, hakuna anayeweza kuuahirisha kwa sababu ana gulio. Sindano ni watu. Na watu nawajua. Msimu wa kwanza wote watakuja kwa sababu leo tumelia na kucheka. Msimu wa nne atabaki nani? Homa ile haikumchukua baba yangu kwa sababu dawa hazikuwepo. Sindano zilikuwepo hata kabla ya umande. Watu walichoka."

"Ni kweli," alisema daktari. "Hilo siwezi kulipinga."

Na Tulizo pia hakuweza. Huo ndio ulikuwa mzigo wenyewe, na Anitha alikuwa ameuinua mbele ya watu bila kuupunguza hata chembe: ili mtoto mmoja apone, watoto wengine wote walindwe na uaminifu wa majirani. Tulizo alijikuta anamshukuru moyoni, maana sasa hakuubeba peke yake.

Bibi Elestina akatoka kwenye kona.

"Anitha, mwanangu, umesema haki," alisema. "Mbwa wa huyu mtoto akilazwa, mbwa zetu sisi ndio watakaobweka kwa niaba yake. Zetu zote. Yako na ya kichanga chako pia. Hatumwazimi Luiza peke yake. Sote tutakuwa tumeazimana. Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na hapo hawakumaanisha chanjo, walimaanisha kuni. Lakini neno ni lile lile na leo limetuita hapa wote, kitu ambacho mwenyekiti hajakiweza miaka kumi." Akamgeukia daktari. "Mpunguzie mtoto kinga. Wakinga tupo."

"Wakinga tupo!" alinguruma Mzee Kyando, aliyekuwa akitafuta kwa hamu mahali pa kuiweka sauti yake.

Anitha hakuitikia pamoja na wengine. Alisubiri kelele zishuke. "Nitakubali kwa sharti," alisema. "Tusichomwe majumbani. Tuchomwe hapa ghalani, hadharani, siku moja, kila mara. Nataka nimwone kila mtu kwa macho yangu, na kila mtu anione. Asiyekuja tumfuate. Na nyie wa Kariakoo, hakuna kuja likizo Ikovelo na mkono mzima."

Wale wa kwenye kioo wakaapa, baba yake Luiza akiwa wa kwanza.

Daktari akainama kwa mtoto. "Umesikia shida watakayopata. Unasemaje?"

Luiza aliwaangalia watu, uso kwa uso, kana kwamba anawahesabu.

"Bado," alisema.

*

Walikuja kuchomwa mara ya kwanza, wakaja mara ya pili. Nyuki wa serikali walibaki kwenye mizinga yao, na alfajiri za Ikovelo zikawa na ukungu wa Mungu peke yake. Mara ya tatu mvua ilinyesha vibaya, barabara ikawa uji, na Tulizo alisimama mlangoni mwa ghala tangu asubuhi akiwa na hakika kwamba hapa ndipo watakapochokea.

Walikuja wamevaa mifuko ya mbolea vichwani. Walikuja wamepakizwa kwenye matrekta. Mwanamume mmoja aliyejificha darini aliletwa na wake zake wawili, kila mmoja akiwa ameshika sikio lake. Mzee Kyando, aliyeahidi kuanza kila mara, alitimiza ahadi huku amefumba macho, akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza alikwenda moja kwa moja pale Luiza alipoketi juu ya gunia.

"Wewe mtoto, umeniumiza sana."

"Pole, babu."

"Pole haitoshi. Utanenepa, au nitakudai?"

"Nitanenepa."

Kila aliyechomwa alipita kwake hivyo hivyo, akisugua mkono na kumlaumu. Mmoja alidai sindano imemharibia sauti, mwingine kwamba mkewe sasa anamkumbatia upande mmoja. Luiza aliwapa pole wote kwa uzito wa hakimu, kisha wakigeuka anacheka kimyakimya. Tulizo aliona yote hayo na hakujaribu kuzuia machozi. Alikuwa na furaha, na alikuwa amechoka kuiwekea akiba.

Mwisho kabisa alikuja Anitha. Alikuwa amehakikisha kila mtu amepita. Akatoa mkono wake kwanza, kisha akamfungua mtoto mgongoni. Kichanga kilimtazama muuguzi kwa imani, sindano ikaingia, na kikalia kilio kile cha mtu aliyesalitiwa. Luiza alishtuka kwenye gunia lake. Hakucheka. Alishuka, akaenda akasimama mbele ya Anitha.

"Samahani, mama," alisema.

Anitha alimtikisa mtoto wake begani, taratibu, mpaka kilio kikawa kwikwi. "Hayupo tena wa kuchomwa," alimwambia. "Nimewaona wote. Wamemalizika."

Luiza akaitikia kwa kichwa. Daktari Subilaga alikuwa anakunja vifaa vyake, na hakuwa na mpango wa kumwuliza mtoto siku ile kama yuko tayari kwa mbegu, kwani alikuwa amejifunza kusubiri. Aliposikia kiti kinaburuzwa akageuka.

Luiza alikuwa amekaa kwenye kiti cha sindano. Sweta lilikuwa limembana kwenye kiwiko, akahangaika nalo, na mama yake akapiga hatua kumsaidia, kisha akajizuia.

"Sasa mimi," alisema Luiza, na akamaliza kukunja mkono wa sweta mwenyewe.